Kinu cha Watu

Jumapili ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Ilinuka chaki, samaki wa kukaanga wa nyumba ya jirani, na makwapa ya wanafunzi kumi na tisa waliobanwa katika chumba ambacho mbuzi watatu wangekikataa. Hilo ndilo lililokuwa darasa letu la jioni, pale Moroni, hatua chache kutoka bandari ya zamani. Siku za kazi tulisoma baada ya magharibi, Jumapili tulikutana asubuhi kusomeana hadithi tulizoandika wenyewe. Jumapili ile nilisoma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe nilimaliziwa mara moja tu. Nilitoka chumbani nikiwa mrefu kuliko mnara wa msikiti wa Ijumaa. Hadithi ile ndiyo iliyomtia mtu mikononi mwa mamluki.

Nitakueleza yote, wala sitajipunguzia kitu. Kwanza ujue kumaliziwa ni nini.

Mwalimu wetu aliitwa Fundi Maulida. Kwetu mwalimu huitwa fundi hata kama hajui kupigilia msumari. Alizaliwa Unguja, wazee wake Wangazija, akarudi visiwani kwetu na masanduku mawili ya vitabu vya Kiswahili na kikohozi. Alitufundisha Kiswahili cha kuandika, sisi wapakuzi, madobi na wauza mkate, kwa imani kwamba mtu akijua kuandika hadithi hatadanganywa na barua. Sheria yake ya Jumapili ilikuwa moja. Ukisoma hadithi inayofanana na nyingine, wenzako wana ruhusa ya kuimalizia sentensi yako kabla hujaifikia nukta. Ukimaliziwa mara tatu, unakaa.

Mimi nilikuwa nimekaa mara nyingi kuliko benchi lenyewe.

Niliandika ya mama wa kambo. "Akamtuma kisimani akamwambia asirudi mpaka…" Darasa zima: "Ndoo ijae!" Nikaandika ya jini wa ziwani. "Akamwambia nitakupa dhahabu, lakini kwa sharti kwamba…" Wote: "Usimwambie mkeo!" Nikaandika ya kijana aliyejitanda shiromani, ile nguo ya rangi wanayojifunika wanawake wa Nzuani, ili apite mbele ya askari wa sultani. Sikufika hata mlangoni kwa sultani. Hamadi, rafiki yangu, mtu mwenye kicheko cha kuvunja vigae, aliimalizia hadithi yote peke yake, tena akaongeza harusi ambayo mimi sikuwa nayo.

"Kaka, hiyo bibi yangu alinisimulia kabla sijaota meno," akasema.

"Bibi yako alinisikia mimi," nikamjibu.

Walicheka. Fundi hakucheka. Wenzangu walipotoka aliniita. "Wewe ukiwa umesimama unaongopa vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukikaa kuandika unaazima uongo wa watu. Niletee hadithi moja ambayo hata mimi sijaisikia. Nitaituma redioni, ng'ambo, wanakosoma za wasikilizaji."

Redioni! Mwanangu, mimi mchana nilikuwa mpakuzi. Meli kubwa Moroni hazifiki gatini, zinatia nanga mbali, na sisi tulikuwa tunakwenda na matishari kushusha mchele na saruji. Niliwahi kuwaambia watu nilibeba magunia matano kwa mkupuo, na kwamba papa aliponing'ata alikwenda kutapika. Hakuna aliyeniamini na hakuna aliyeumia. Sasa jina langu lisomwe redioni? Nilikonda. Kila nilichoandika kilikuwa kimeandikwa. Kila nilichowaza nilimkuta mtu mwingine amekikalia kama kiti chake.

Hiyo ilikuwa miaka ya mamluki. Walitua ufukweni mwaka wa sabini na nane, wazungu wachache wa kukodiwa, wakamwangusha aliyekuwa akitawala, wakamweka mwingine, kisha hawakuondoka. Wakaunda askari wao, vijana wa visiwani humuhumu, sare nyeusi, na wao wazungu juu. Pale kwenye bangwe, uwanja wetu wa mazungumzo, wazee waliokuwa wakibishana mpaka mishipa itoke walianza kuzungumzia bei ya vitunguu tu. Ukiona Mngazija amekosa la kubishana, jua nchi inaumwa.

Mwezi wa Maulidi nikapata nafasi kwenye meli ya kwenda Mutsamudu, kisiwani Nzuani, kwa Bi Siti, mdogo wake marehemu mama yangu. Alinilea miaka miwili, akanipiga miaka miwili hiyohiyo, nikampenda. Alikaa katika nyumba ya binti yake Chamsia, maana kwetu nyumba ni ya binti, mume ndiye anayeingia. Mume wa Chamsia aliitwa Bakari, mwalimu wa shule, mtu mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nilipomuulizia, Bi Siti alisema amekwenda shamba. Nikamuuliza shamba gani, akasema kula kwanza.

Siku ya pili baada ya alasiri nikiwa nimekaa sebuleni, njaa imenishika ya kula hata jamvi, nikasikia mtu anatwanga. Nyumba ya mwanzo wa kichochoro, kisha ya pili, ya tatu, zikaja kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Nikafurahi mno. Nikajua mataba! Majani ya muhogo yaliyotwangwa, yakapikwa kwa tui mpaka mafuta yaelee, tena mtaa mzima, nyumba kumi na nne. Nikanawa mikono nikakaa sawa.

Bi Siti naye akaingia uani, akashika mchi, akaanza kutwanga. Nikamfuata nione majani. Kinu chake kilikuwa kitupu.

Nilisimama pale mdomo wazi. Alitwanga kwa nguvu, jasho linamtoka, na ndani hamna hata jani moja. Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka. Kinu chenye majani husema pu, pu, kama mtu anayepigwa mgongoni. Kitupu husema ko, ko. Kichochoro kizima kilikuwa kinasema ko.

Mlango wa ndani ukafunguka. Mutsamudu nyumba za zamani zimeshikana, na wanawake wana milango yao, unatoka nyumba hii ukaingia ile bila kukanyaga nje. Akapita Bakari, miguu mitupu, viatu kwapani, miwani mkononi. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo kama anayeomba radhi kwa kukatiza mazungumzo, akaingia mlango wa pili, akapotea. Ilikuwa kama kuingia msikitini ukamkuta imamu anatoroka. Nje nikasikia viatu vya askari.

Waliondoka bila kitu. Mzungu aliyewaongoza alipita mlangoni kwetu akitabasamu, nadhani aliona ni jambo zuri wanawake wachapakazi namna ile.

Bi Siti akaweka mchi chini. "Umeona nini?"

"Sikuona kitu, mama."

"Umesikia nini?"

"Wanawake wanatwanga."

"Basi."

Baadaye aliniambia yaliyobaki, kwa kuwa mimi ni mtoto wa nyumbani. Kosa la Bakari lilikuwa kuwaambia watoto darasani kwamba nchi haiwi huru wakati ufunguo wake uko mfukoni mwa askari wa kukodi. Wanawake walikuwa wakimhamisha kwa miezi mitano. Wa kwanza akiwaona askari, anatwanga kitupu. Bakari anaikimbia sauti, nyumba hadi nyumba, mpaka nyumba ya mwisho yenye ngazi zinazoshuka mtoni. Wazungu hawajui ko wala pu.

Mwanangu, ningekuwa mtu mwema ningeogopa, au ningelia, au ningewaombea. Mimi kitu cha kwanza nilichofikiri kilikuwa hiki: hii hakuna aliyewahi kuisikia.

Nilirudi Moroni nikaiandika kwa siku nne. Usinione mjinga kabisa, nilijihadhari. Bakari nikamwita Selemani. Mwalimu nikamfanya mshona viatu. Mutsamudu nikaiita mji mmoja wenye vichochoro. Mamluki nikawaita askari wa sultani mgeni. Lakini kinu nilikiacha kama kilivyo, na milango ya ndani, na ngazi za mtoni, kwa sababu humo ndimo ulimokuwa uzuri wote. Mimi niliyetia chumvi maisha yangu yote, ambaye nisingeweza kukuambia nimekula ndizi bila kusema zilikuwa arobaini, siku ile sikutia hata punje.

Nikasoma. Wote walikaa kimya kama waliomwagiwa maji. Mara moja tu walinimalizia, pale Selemani anapojificha. Nilisoma, "Na moyo wake ukamdunda kama…" Wakapiga kelele, "Ngoma!" Hamadi akaipiga na meza. Kelele ile ikaifunika sentensi iliyofuata, nikaona haya, nikaamua nitakuja kuifuta sehemu yote ile. Kisha nikafika kwenye kinu. Hakuna aliyefungua mdomo. Nilipomfikisha yule mkubwa wa askari anayetabasamu kwa uchapakazi wa wanawake, Hamadi aliteleza kwenye benchi akakaa chini, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Fundi Maulida alivua miwani. "Umeitoa wapi hii?"

"Kichwani mwangu, Fundi."

"Apa."

"Wallahi. Yote nimeibuni."

Umeona mambo yangu? Katika hadithi nilisema kweli tupu, nje ya hadithi nikaapa uongo. Vyote viwili nilivigeuza.

"Basi hii ni mpya," Fundi akasema. Akaliweka daftari langu katika sanduku lake, aisahihishe kabla ya kuituma.

Zilipita wiki tatu. Meli kutoka Mutsamudu ikatia nanga Moroni, nasi tukaenda na tishari kuchukua abiria. Mmoja alikuwa mzee wa mtaa wa Bi Siti, namfahamu tangu utoto. Nikampa mkono ashuke, nikamuuliza habari za nyumbani. Hakungoja hata akae.

"Bakari wa Chamsia wamemchukua."

"Wamempataje?"

"Hilo ndilo jambo la ajabu. Walikuja Jumatano alasiri, wanatembea taratibu kama wanaokwenda kuposa. Hawakugonga nyumba hata moja. Wanawake wakatwanga, nao wakasimama kusikiliza. Wakasonga, wakasimama tena. Walikuwa wanataka watwangiwe. Wenzao wawili walikuwa wamekaa tangu adhuhuri chini ya zile ngazi za mtoni. Kijana wa watu kaikimbia sauti, kawaangukia mikononi. Wakamtia garini mpaka kiwanja cha Ouani, ndegeni, basi."

Nilishika ukingo wa tishari. Unajua samaki wanavyoswagwa kwa kelele wakimbilie wavuni? Wale wanawake kwa mikono yao wenyewe, kwa huruma yao yote, walimswaga Bakari.

Nilimtafuta Hamadi siku hiyohiyo, nikamkuta anakwenda kazini. Sikukuambia kazi yake. Alikuwa msaidizi wa mpishi kambini kwa askari. Sote tulijua, na hakuna aliyemwona mbaya, watu walifanya kazi pale ilipopatikana.

"Hamadi, ile hadithi yangu uliisimulia wapi?"

Uso ukamng'aa. "Jikoni, kaka! Tunamenya viazi. Walicheka mpaka mmoja akajikata kidole. Kuna Mnzuani mmoja akataka niirudie mara mbili, akaenda kumwita mkubwa wake aje aisikie. Kaka, wewe utakuwa mtu mkubwa."

Nilimwambia ya Bakari. Nilimwona akizeeka pale njiani nikimtazama.

"Uliapa," akasema. "Mbele ya Fundi. Uliapa umeibuni."

Aliacha kazi kambini, akaacha na darasa, na kicheko kile sikukisikia tena. Nakuambia haya ujue hapakuwa na msaliti. Hadithi za wenzangu zilikaa madaftarini kwa amani kwa sababu zilifanana na nyingine. Yangu ilikuwa mpya, na kwa upya wake ikatembea yenyewe mpaka kambini, ikapita getini bila kuulizwa kitambulisho.

Nikaenda kwa Fundi nikamwomba daftari langu, nikamweleza. Alikohoa muda mrefu. "Nilikuomba kitu ambacho sijakisikia," akasema. "Sikukuuliza ni cha nani. Na mimi nimo." Alinirudishia daftari, nami nikapanda meli ya kurudi Mutsamudu.

Sikuwa na ujasiri, mwanangu, usinivishe joho lisilo langu. Njia nzima nilipanga uongo. Nilikuwa na uongo saba tayari, mmoja mzuri hivi kwamba mimi mwenyewe nilianza kujihurumia. Nikafika kichochoroni. Kwenye kizingiti cha nyumba ya tatu alikuwa amekaa Bi Hadija, bibi wa miaka sabini, mshona kofia. Watoto walikuwa wakipita mbele yake. Kwetu mtoto akimwona mkubwa humwambia "Kwezi", na mkubwa huitikia "Mbona". Ni kama shikamoo na marahaba. Wale watoto walipita kimya. Mmoja alitaka kufungua mdomo, dada yake akamvuta mkono.

"Kwezi, koko," nikamwambia, maana ndivyo tunavyomwita bibi.

Alishtuka kama aliyepigwa. Aliitikia kwa sauti ndogo, "Mbona," kisha akatazama huku na huku asije akawa amenitia matatani.

Nilimuuliza Bi Siti kuna nini. Aliongea huku anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mpwa wake ni askari. Nani mwingine angesema? Sisi kumi na wanne ndio tuliokuwa tunajua. Tumemfungia milango ya ndani. Mlango wake umeshindiliwa kabati upande wa Chamsia, upande wa pili umeshindiliwa magunia."

"Amekiri?"

"Analia tu."

Uongo wangu saba wote ukanitoka. Nilipiga magoti pale kwenye mchele nikasema.

Nilingoja kofi. Bi Siti hakunipiga. Aliuweka ungo chini polepole sana.

"Wewe," akasema. "Wewe uliyetuambia umevuta papa kwa kidole. Uliyetuambia Moroni kuna kuku anayesoma Yasini. Miaka yote tunakuomba useme kweli siku moja. Hii ndiyo siku uliyoichagua?"

Nikaanza kuokota punje za mchele.

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka wasinimalizie, mama. Nilitaka kiwe kipya."

"Kilikuwa kipya kwa sababu tulikificha. Ndiyo maana hukuwa umekisikia popote. Ulidhani hakijaandikwa kwa kuwa watu ni wajinga?"

Hilo neno, mwanangu, nimelibeba kuliko magunia yote ya bandarini.

Kisha akanisimamisha. "Utakwenda milango yote. Utasema kama ulivyoniambia mimi. Ukiongeza neno moja la kujipamba nitalisikia, nitakuwa nyuma yako."

Nikaenda. Wengine walinilaani. Mmoja alinitemea mate, akafanya vizuri. Chamsia alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu kama katika hadithi nilimpa mumewe jina zuri. Nikasema Selemani. Akafunga mlango.

Kwa Bi Hadija tuliingia mwisho. Nilisema, nikamaliza, nikangoja. Yeye alikuwa anageuza kofia mkononi, nusu imeshonwa.

"Si mimi?" akauliza.

"Si wewe, koko. Ni mimi."

"Una hakika?" Akamtazama Bi Siti. "Mimi nilikuwa nimeshaamini ni mimi. Nilisema pengine niliropoka usingizini, pengine nilimwambia mpwa wangu nikasahau. Nilishaomba toba."

Bi Siti, ambaye hata siku tulipomzika mama yangu hakulia mbele za watu, alikaa chini pale kizingitini akajifunika shiromani usoni.

Kabati liliondolewa siku ile. Bi Hadija alirudishiwa salamu zake, lakini tangu hapo kila ulipomwamkia alishtuka kwanza.

Bakari alirudi baada ya mwaka na miezi kadhaa. Sikia vizuri, alirudi, wengine hawakurudi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunyooka tena, na hakuweza kustahimili sauti ya mchi. Mtaa mzima ukahamisha vinu. Wanawake kumi na wanne walikuwa wanabeba vinu vichwani, wanateremka navyo mbali, wanatwanga huko, wanarudi na majani kwenye masufuria. Miaka. Hakuna aliyelalamika, na kila nilipokwenda Mutsamudu nilivibeba mimi. Hapa sitii chumvi. Ningependa sana kutia.

Bakari alinitaka nimsomee hadithi ile. Nilikataa, akasema ana haki. Tukakaa uani kwa Chamsia, nikamsomea. Alisikiliza macho yamefungwa. Nilipofika pale pa moyo kudunda kama ngoma nilitaka kuruka, akasema soma. Nikasoma na ile sentensi iliyofunikwa na kelele siku ile: "Na Selemani, katika giza lile, akawachukia kidogo wale waliokuwa wakimwokoa, kwa sababu wao walikuwa pakavu."

Alifumbua macho. "Nani alikuambia hilo?"

"Hakuna, kaka."

"Sijamwambia mtu. Hata Chamsia. Nani alikuambia?"

"Nimelibuni. Siku moja kamba ilikatika nikaanguka baharini, kati ya tishari na meli. Wenzangu walikuwa juu wananitupia kamba nyingine, wanapiga kelele, wananipenda. Nami kule chini niliwachukia kwa kuwa wamesimama. Nikaona aibu, sikuwahi kumwambia mtu. Nikampa Selemani."

"Kinu ni chetu," akasema. "Milango ni ya wanawake. Ngazi ni za jirani. Hapo kwenye kuchukia hukuniibia. Hapo ulikuja kunikuta mwenyewe. Ungeandika hilo tu, lenye ngoma yako mbovu na yote, ningekuwa msomaji wako."

Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza. Nililichoma daftari lile nyuma ya nyumba, mbele yake. Yeye ndiye aliyeshika kiberiti, kwa vidole vilivyonyooka.

Sasa nasaha, mwanangu, unisikie mimi mhitimu wa darasa la jioni, ambaye cheti chake mchwa wamekula pembe tatu na ya nne wanaiheshimu.

Usiogope kufanana. Mtu aliyejificha, mama aliyepoteza mtoto, kijana aliyependa asipopendwa, hizo zimeandikwa na zitaandikwa mpaka baragumu la mwisho, na wewe una ruhusa ya kuziandika tena. Wakikumalizia sentensi, waache, kisha andika inayofuata. Upya wako hautatoka kwenye kinu cha ajabu ulichokiona kwa watu. Utatoka pale ulipoanguka wewe, ukachukia, ukaogopa, ukaona haya, ukadhani ni wewe peke yako. Hapo hakuna aliyepasimulia kama utakavyopasimulia wewe, na hapo ndipo mgeni atakaposhtuka aulize, nani alikuambia?

Ukikutana na jambo ambalo hujawahi kulisikia popote, kabla hujashangilia, jiulize nani amelificha na anamficha nani. Kama yuko hai, nenda kamuulize, na akikataa, kataa nawe. Kama hawezi kuulizwa, basi tia chumvi. Geuza mlango uwe dirisha, geuza mji uwe meli, mpaka hata mama yake mzazi asome apite. Uongo wa namna hiyo ni heshima, na watu wamesahau kulifundisha hilo. Wala usiape umebuni kitu ulichokiokota. Ukikiri kwamba umekiokota, pengine Hamadi mmoja atajua kwamba si cha kusimulia jikoni.

Na ukishakosea, kwa maana utakosea, usijifiche nyuma ya uongo wako mzuri wakati bibi wa watu amekaa kizingitini anabeba lawama yako. Nenda milango yote. Nenda kabla hajaanza kuamini.

Mungu akupe maneno na akupe woga wa kuyatumia. Akujaalie wasomaji wanaobisha, walimu wanaouliza cha nani, na mama mdogo mwenye ungo mkononi wa kukusimamisha. Aifanye kalamu yako ikuumize wewe kwanza. Na popote utakapopita baada ya kuandika, wadogo wakuambie kwezi, wakubwa wakuitikie mbona, pasiwe na mtu atakayemvuta mwenzake mkono. Amina.